Wimbo Uliokataa Kukaa Chini

Tuwe wakweli: Halidi Stambuli hakuwahi kumwibia mtu. Watu walimpa wenyewe, kwa mikono miwili, na wengine walimshukuru. Aliwahi kumuuzia fundi cherehani wa Kihonda hewa safi ya milima ya Uluguru kwenye chupa ya soda, na kesho yake fundi akarudi kuuliza kama ipo ya lita tano. Kwa hiyo tusimwite mwizi. Tumwite mtu mwenye mdomo.

Mdomo alikuwa nao kweli. Masikio ndiyo yalikuwa pambo. Tangu azaliwe hajawahi kusikiliza jambo likafika mwisho. Ukimwambia, "Halidi, kuna nyumba inaungua," atakuwa ameshakuuzia ndoo ya maji kabla hujamwambia ni nyumba yake. Lishike hilo, msomaji, maana ndilo litakalomponza.

Asubuhi moja alikuwa amekaa bure kwenye saluni ya Hatibu, kinyozi wa Kihonda. Kwenye kiti cha kunyolewa alikuwepo Mzee Godlisten, mwenye ule ukumbi wa harusi wa ng'ambo ya barabara, povu limejaa kidevuni na malalamiko yamejaa mdomoni.

"Bendi wanataka walipwe, halafu wanataka wale," mzee alisema. "Nimewafukuza wote, miezi minne sasa. Yule mpiga ngoma anakula sahani tatu. Tatu! Anapiga ngoma au anapiga pilau? Sasa Jumamosi nina harusi, wimbo wa kuingilia maharusi sina."

Halidi alinusa. Mtu akilia hadharani kwamba hana kitu, maana yake anacho na hataki kitoke.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Naomba nikuulize kitu kidogo tu. Hapo ukumbini kwako, chakula kiko ndani ya bei?"

"Kiko ndani. Ndiyo maradhi yangu hayo."

"Na soda?"

"Soda kila mtu ananunua yake."

"Mtu aliyesimama anakula?"

"Hali."

"Mtu anayecheza anatokwa na nini?"

"Jasho."

"Akitokwa na jasho, mzee wangu, anataka nini?"

Mzee Godlisten aligeuza shingo kwa kasi hata Hatibu akabaki na wembe hewani, sikio la mteja likiwa limepona kwa rehema za Mungu.

"Soda," mzee alinong'ona.

Mambo yenyewe ni haya, na kila aliyewahi kuchangishwa harusi anayajua. Maharusi wakiingia ukumbini, watu wote husimama. Hakuna anayekaa kabla ya bibi harusi, na bibi harusi hakalishwi mpaka wimbo wake wa kuingilia uishe. Wimbo wa dakika nne, mtasimama dakika nne.

"Mimi nina wimbo wa dakika arobaini," alisema Halidi, kwa utulivu wa mtu anayetaja umri wa mtoto wake. "Wamepiga wanamuziki arobaini, Dar. Kila mmoja dakika yake. Hakuna kiuno kitakachobaki kwenye kiti."

"Pesa sina," Mzee Godlisten aliwahi. Hilo neno alizaliwa nalo. "Ila stoo nina kinanda. Kikubwa, oktava tano, na sanduku lake. Ukumbi ukisimama, ondoka nacho."

Moyo wa Halidi uliruka sarakasi. Kule Gairo kulikuwa na mfanyabiashara wa karanga, Mansuri, aliyekuwa anaunda kikundi cha taarabu na alishatangaza kwamba atakayemletea kinanda atampa pikipiki yake nyekundu. Halidi alikuwa anaiota pikipiki ile. Ndotoni alishaiosha mara mbili.

Sasa hicho kinanda, kama ungetaka kujua ni cha nani, hakikuwa cha Mzee Godlisten. Kilikuwa cha Angelina. Binti huyu wa Mgeta alikinunua kwa misimu minne ya njegere, akizishusha milimani mwenyewe, na alikipiga pale ukumbini miaka sita. Siku bendi ilipofukuzwa, mzee alidai Angelina ameunguza spika ya ukumbi, akafungia kinanda stoo mpaka spika ilipwe. Waya wa spika ulitafunwa na panya, na panya yule mpaka leo yuko huru. Angelina akaanza kukaanga maandazi mkabala na geti la ukumbi, na kila alipokosa mteja vidole vyake vilicheza juu ya benchi, chap chap chap, kama vinamtafuta mwenzao.

Halidi hakuwa na wanamuziki arobaini. Hakuwa hata na mmoja. Alichokuwa nacho ni programu kwenye simu: unaiandikia maagizo, nayo inakutungia wimbo, sauti, ngoma na tarumbeta juu, kabla chai haijapoa. Mzee alipoondoka, Halidi akaandika: "Tunga wimbo wa harusi, mtamu sana, wenye furaha kubwa."

Wimbo ukatoka. Hatibu akausikiliza, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Huu naujua," alisema. "Ndio unaopigiwa simuni ukisubiri mhudumu."

Halidi akaandika "furaha kubwa mno." Akaandika "furaha ya kupindukia." Mara ya kumi na mbili akaandika "furaha jamani, nakuomba," na mteja aliyekuwa kitini akaanza kukoroma.

"Unaiambia ihisi," sauti ilisema mlangoni. "Mashine haihisi. Iambie ifanye."

Alikuwa Angelina, na beseni la maandazi kiunoni. Halidi akampa kiti, akampa tabasamu, akampa na hadithi yote, kasoro Gairo.

"Dada Angelina, nisaidie. Kinanda kikitoka stoo kinakuja kwako moja kwa moja. Mimi nafanya kwa ajili ya haki tu. Wallahi vile."

Angelina alimtazama. Alimtazama muda mrefu, kama mtu anayekagua andazi lililoiva upande mmoja.

"Haya," akasema. Akaketi, akaweka vidole juu ya beseni. "Furaha haiandikwi, kaka. Furaha inapandishwa. Kuna kodi za kinanda, si zile za mwenye nyumba: sauti tatu unazibonyeza kwa mpigo mmoja. Anza na C. Hapo ni nyumbani, umekaa kwenye mkeka wako. Kisha panda D ndogo, E ndogo, F. Kila kodi inampandisha msikilizaji hatua moja na yeye hajui. Ukifika G, yuko mlangoni kwake, ameshika kitasa. Mwili wote unadai aingie. Sasa badala ya kumfungulia, unapandisha wimbo mzima nusu hatua, unaanza upya."

"Na akifika juu kabisa, sauti si itapasuka?"

"Ikifika juu, tarumbeta zipige kelele, na chini ya kelele hizo wimbo ushuke kimyakimya, uanze kupanda tena. Yeye atadhani bado anapanda." Angelina alicheka kidogo. "Muziki nao ni utapeli, ila wa heshima."

Alichukua karatasi ya kufungia maandazi akaandika mistari tisa. Anza chini, taratibu. Kodi zipande moja moja. Ngoma iingie mzunguko wa tatu. Vigelegele mzunguko wa nne. Jina la bibi harusi liitwe kila kodi inapopanda. Na kadhalika, mpaka wa tisa, uliosema: ishia kwenye G, C usiiguse.

"Nakili yote kama ilivyo," alisema. "Halafu usikilize mpaka mwisho."

"Nitasikiliza, dada yangu, nitasikiliza!"

Akanakili. Mstari wa tisa aliunakili kama mtu anavyonakili namba za luku ya umeme, bila kuuliza zinasema nini. Wimbo ukaanza. Mzunguko wa kwanza, hakuna kitu. Wa pili, yule mteja aliyekuwa anakoroma akafumbua jicho. Wa tatu ngoma ikaingia, na Hatibu akaweka mashine ya kunyolea mezani, mabega yake yakiwa yameshaondoka bila ruhusa. Wa nne, mteja alisimama na shuka lake shingoni, kichwa kimenyolewa nusu, akapiga kigelegele kilichomshangaza hata yeye mwenyewe. Nje, mlinzi wa Mzee Godlisten alikuwa anacheza na geti.

"Inatosha!" Halidi akazima. Dakika mbili. Zilimtosha. Akabonyeza pa kurefusha mpaka zikatimia arobaini, akaenda kumtafutia pikipiki yake jina.

Jumamosi alasiri, ukumbi ulijaa. Bibi harusi alikuwa Shamimu, mjukuu wa Bibi Mwanahawa wa Matombo, na Bibi Mwanahawa ameketi meza ya mbele, kanga mbili mpya, fimbo moja ya zamani. Angelina alikuwepo pia, na kadi yake mkononi, maana alichanga kama jirani. Pilau ilinukia kutoka jikoni. Mzee Godlisten alikuwa amepanga makreti ya soda mpaka dirishani.

Mshereheshaji, kijana Thobias, akabonyeza wimbo.

Jamani! Kodi ya kwanza, maharusi mlangoni. Ya pili, watu wima. Kufikia mzunguko wa nne hakukuwa na ndugu wa mume wala ndugu wa mke, kulikuwa na vitambaa hewani tu. "Shamimu!" ikaita spika, ikapanda. "Shamimu!" ikapanda. Mwalimu mmoja mstaafu alipanda pamoja nayo mpaka juu ya kiti. Shangazi wawili wasiosalimiana tangu msiba wa mwaka juzi walikuwa wameshikana viuno. Watoto walikuwa chini ya meza, meza nazo zilikuwa zinasogea. Tarumbeta zikapiga kelele, wimbo ukajishusha chinichini kama alivyosema Angelina, na umati mzima ukapanda tena ngazi ileile ukishangilia kwamba umefika ghorofa mpya.

Dakika ya kumi, kreti la kwanza la soda likaisha. Mzee Godlisten alikuwa karibu kulia kwa raha. Akamkabidhi Halidi ufunguo wa stoo.

Sanduku lilikuwepo, jeusi, refu, lina kufuli. Halidi akalinyanyua. Zito. Kinanda kizuri ni kizito. Hakuulizia ufunguo wa kufuli wala hakulitikisa. Alipita nyuma ya umati, akamwona Angelina anacheza, akamwonyesha dole gumba, yaani mambo safi, dada, nakuletea. Kisha akapanda bodaboda kwenda stendi ya Msamvu, na kutoka stendi basi la Gairo.

Huyo ameondoka. Tubaki ukumbini, maana huku ndiko kumenoga.

Dakika ya thelathini kisigino cha kiatu cha Shamimu kilikatika. Dakika ya thelathini na tano bwana harusi alikuwa anacheza kwa nyusi tu. Lakini wimbo ulikuwa bado unapanda, na nani akae? Dakika ya arobaini ukapanda mara ya mwisho: C, D, E, F, G...

Ukanyamaza.

Watu mia tatu walibaki wameinua mikono. Mguu mmoja chini, mguu mmoja njiani. Kimya. Pilau ikanukia.

"Basi, wageni waalikwa, tuketi," alisema Thobias.

Mtu mmoja akaanza kukunja magoti. Fimbo ya Bibi Mwanahawa ikagonga sakafu, na magoti yale yakanyooka.

"Tuketi wapi?" bibi aliuliza kwa ile sauti ya milimani inayovuta mwisho wa neno kama kamba. "Wimbo haujafika. We kijana, masikio yako yako wapi? Umemwacha mwanangu mlangoni."

"Bibi, umeisha."

"Umekatika. Kukatika na kuisha ni kitu kimoja? Mjukuu wangu hakalishwi juu ya wimbo uliokatika. Mnataka na ndoa ikatike?"

Hapo ukumbi mzima ukaguna, maana kila mtu alikuwa ameuhisi ule upungufu kifuani, kama chafya iliyogoma. Thobias akajaribu wimbo mwingine. Fimbo. Akajaribu kuurudia uleule, na baba wa bibi harusi akamfuata akiwa amekunja mikono ya kanzu.

"Dakika arobaini nyingine? Na miguu hii? Mzee Godlisten! Lete mtu aufikishe wimbo, au huu ukumbi sitausahau, na wenzangu wote wenye mabinti nitawaambia!"

Mzee Godlisten alitoa jasho kuliko wachezaji. Jumamosi tano zijazo alizokuwa ameshaahidiwa zilikuwa zimesimama mbele yake na njaa.

"Nani anajua kuufikisha?" aliuliza.

"Mimi," alisema Angelina.

Watu wakageuka. Alikuwa amesimama karibu na dirisha, kadi ya mwaliko mkononi, mtulivu kama siku zote.

"Fikisha basi, mwanangu!" alisema Bibi Mwanahawa.

"Kinanda changu, bibi, mzee amekifungia. Miezi minne sasa. Anasema nimeunguza spika." Angelina akanyoosha kidole kwenye spika ambayo ilikuwa imetoka kuunguruma dakika arobaini. "Ile pale."

Watu mia tatu wakaitazama spika. Kisha wakamtazama mzee.

"Kinanda hakipo tena!" Mzee Godlisten aliruka. "Amekichukua Halidi! Mmemwona nyote na sanduku!"

"Sanduku tumeliona," alisema Angelina. "Mzee wangu, nimefanya kazi kwako miaka sita. Hata mfupa wa pilau hujawahi kutoa ukiwa na nyama. Leo umpe Halidi kinanda kizima? Naomba uangalie vizuri ofisini, unakoficha vitu vyako."

Bibi Mwanahawa akainua fimbo, akaielekeza kwenye mlango wa ofisi. Mzee akaenda. Akarudi anakikokota, kimefungwa kwenye kitambaa cha meza, alikuwa amekificha humo nyuma ya makreti matupu. Hakuna aliyemzomea. Walikuwa wamechoka mno, na pia walitaka kula.

Angelina alifuta vumbi kwa kiganja. Alipokigusa tu macho yalijaa machozi, akayaacha yashuke. Akaweka G. Akaishikilia. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Akaishikilia tena kidogo, maana miezi minne si mchezo.

Halafu C.

"Aaaaah!" Watu mia tatu walikaa kwa pamoja, viti vikalia, shangazi mmoja akakaa juu ya mwenzake, na Shamimu akavua viatu akacheka mpaka wanja ukamtiririka. Kisha ikaletwa pilau. Mtu aliyecheza dakika arobaini hali sahani moja, ndugu yangu. Walikula mbili, wakala tatu, wakakwangua masufuria. Yule mpiga ngoma angekuwepo, angeonekana mgonjwa. Mzee Godlisten aliketi jikoni akihesabu sahani kwa midomo, na hakuna aliyemhurumia.

Sasa twende Gairo.

Halidi alilala nyumba ya wageni amekumbatia sanduku. Asubuhi akalipeleka sokoni, kwenye duka la Mansuri, wapagazi wakipita na magunia ya karanga. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa pale nje, nyekundu kama alivyoiota. Mansuri akavunja kufuli mwenyewe.

Ndani mlikuwa na mlango wa kabati na tofali moja na nusu.

Mansuri aliutazama mlango. Akamtazama Halidi. "Kinapigwa wapi?"

Mtu mwenye mdomo haanguki na la kwanza. "Kinanda ni kitu gani, bosi wangu?" alisema, moyo ukiwa kwenye soli za viatu. "Siku hizi vinanda vya nini? Mimi nimekuletea mashine yenyewe ya kutunga! Sikiliza!"

Akaunganisha simu na spika ya duka. Hakuwa na muda wa dakika arobaini, hajawahi kuwa nao, akausogeza wimbo mbele mpaka kwenye utamu wenyewe, mwishoni. Tarumbeta zikapasua soko. C, D... Mama wa nyanya akasimama. E... Wapagazi wakaanza kunesa na magunia kichwani. F... Mansuri mwenyewe, mkono ukaenda mfukoni kwenye ufunguo wa pikipiki, kiuno kikaanza, ufunguo ukatoka, ukawa unakuja, unakuja. G...

Kimya.

Ufunguo ulisimama hewani. Soko zima lilisimama hewani.

"Malizia," alisema Mansuri.

"Umeisha, bosi."

"Haujaisha. Nausikia hapa," akajigonga kifua. "Malizia!"

"Malizia!" wakadakia wapagazi, shingo zimewakakamaa, hawajui washushe magunia au wasubiri.

Halidi akaurudisha nyuma. G, kimya. Akaurudisha tena. G, kimya, na safari hii mama wa nyanya akaokota moja, iliyooza. Kwa mara ya kwanza maishani Halidi alikuwa amesikiliza kitu mpaka mwisho, na mwisho haukuwepo. Akampigia Angelina, sauti ya simu ameifungua mpaka juu.

"Dada Angelina! Dada yangu wa damu! Nimekwama Gairo. Nipigie hiyo ya mwisho tu, moja tu, nakuomba!"

"Ya nyumbani?" sauti ya Angelina iliuliza, tamu kabisa, na nyuma yake mafuta ya maandazi yakichemka.

"Hiyo hiyo!"

"Kinanda kipo hapa mbele yangu. Weka simu karibu na watu wasikie vizuri."

Halidi akainua simu juu kwa mikono miwili. Soko likanyamaza. Ikaja C, safi, ya vidole vya kweli. Ikaja D ndogo. Watu wakatabasamu. Ikaja E ndogo, ikaja F, na Mansuri akanyoosha tena ule ufunguo. Ikaja G, ndefu, nzuri, iliyoshika kitasa.

Simu ikakatwa.

Mpagazi aliyekuwa mbele ndiye aliyekuwa wa kwanza kushusha gunia lake, taratibu, akainama, akavua kandambili, macho kwa Halidi.